Karatasi Iliyobaki Sufuriani

Katika shule yetu hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wangu, na hapo nawahesabu hata walimu wenye digrii. Nilisoma mpaka darasa la saba. Sawa, la saba nilikaa muhula mmoja tu. Na mwandiko wenyewe ulisifiwa kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ratiba ya chakula mlangoni pa jiko, na mtu mwenye njaa atasifu mwandiko wowote unaosema "wali".

Naitwa Wakiuru. Wasichana huniita Shosho, yaani bibi. Nimewapikia miaka ishirini na sita. Jina la shule sitalitaja, lakini anayeishi upande wa Kariobangi atalijua nikisema ni ile yenye uwanja. Maghorofa ya kwetu yamebanana hivi kwamba ukiishiwa na chumvi unanyoosha mkono dirishani, jirani anakuwekea. Katikati yake, kama pengo kwenye meno, uko uwanja wetu: nyasi kidogo, vumbi jingi, magoli mawili yasiyo na wavu. Hakuna mwingine. Watoto wa mtaa mzima hujifunzia baiskeli pale, na Jumapili makanisa matatu husali pale kwa zamu, kila moja likiwaombea wale wengine wawili wapunguze kelele.

Ijumaa alasiri uwanja ulikuwa wa mdahalo. Wasichana walibeba viti vyao kutoka madarasani, wakavipanga mbele ya goli la juu, na kwenye mwamba wa goli hilo ndiko ilikoning'inia kengele. Naita kengele, lakini ilikuwa rimu ya lori tuliyopewa na mafundi wa jua kali. Mimi ndiye niliyeigonga. Mwanafunzi angempendelea rafiki yake, mwalimu angempendelea mwanafunzi wake, lakini mpishi hampendelei mtu, isipokuwa anayerudisha sahani ikiwa safi. Pigo moja dakika ya nne, mawili dakika ya tano, na ukizidisha hapo naendelea kugonga mpaka ukae.

Nilikuwa pia na daftari la kengele. Lilining'inia kwa uzi kwenye msumari jikoni. Kila Ijumaa, kabla ya kuosha vyombo vya mwisho, niliandika yote: hoja ya siku, nani kavuta karatasi gani, nani kasema dakika ngapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alilia. Wasichana wakigombana juu ya muda walikuja kusoma. Daftari likisema, ugomvi unakwisha.

Sasa sikiliza desturi mbili za mdahalo wetu, kwa sababu ndizo zilizotufikisha tulikofika.

Ya kwanza ni kura. Kwetu mtu hapigii hoja kura, anampigia msemaji. Unaweza kuichukia hoja kama dawa ya minyoo, lakini msichana aliyeitetea akiitetea vizuri, unamnyooshea mkono. Hata watu wa kwenye roshani za maghorofa walijua hivyo. Walisimama juu wakila miwa, wakizomea na kushangilia, na kura ikifika walinyoosha mikono bila upendeleo.

Ya pili ni sufuria. Pande zilivutwa kwa bahati. Karatasi mbili zilizokunjwa, moja Kuunga, nyingine Kupinga, ziliwekwa katika sufuria yangu ndogo. Nahodha aliyeshinda mara ya mwisho alivuta moja, ikafunguliwa, ikasomwa. Iliyobaki haikufunguliwa. Ya nini? Moja ikisema Kuunga, ya pili itasema nini?

Na aliyeshinda mara ya mwisho alikuwa Whitney. Kila mara ya mwisho ilikuwa Whitney. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, binti wa Walter yule anayefanya kibarua Industrial Area, na mdomo wake ulikuwa umempita umri miaka kumi. Baada ya masomo alikuja jikoni kuchambua maharagwe nami, huku akinijaribia hotuba zake. Na mimi nilimfundisha. Usicheke. Nilimfundisha jambo moja.

"Ukiwa na ushahidi," nilimwambia, "usimwonyeshe mtu mapema. Muulize kwanza. Mwache aseme. Muulize tena, kwa adabu. Akishajifunga kamba mwenyewe ndipo umwonyeshe."

"Shosho, hiyo umeitoa wapi?"

"Hivyo ndivyo ninavyowakamata wanaokula mara mbili."

Akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Ningejua, ningemfundisha kushona.

*

Bwana Kiarie alikuja mwanzoni mwa muhula wa pili. Alikuwa na viatu vilivyong'aa hata juu ya vumbi letu, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, na sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Alisema amesikia sifa za mdahalo wetu, naye anataka kuufadhili: fulana, vipaza sauti, soda na mkate kwa kila atakayehudhuria, wazazi wakaribishwe, mpiga picha aletwe. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amelazwa hospitali, huo ukiwa mwezi wake wa pili, na ofisi ilishikiliwa na Mwalimu Patrobas, mlezi wa mdahalo. Patrobas alifurahi mpaka akasahau kukaa.

Mgeni aliniona kwenye goli nikifuta rimu yangu. Akaniamkia kwa lugha ya kwetu, kisha akauliza kwa upole, kama mjukuu kwa bibi yake, "Cucu, uwanja huu ni hatua ngapi kutoka huku mpaka kule?"

"Inategemea unamkimbia nani."

Alicheka kwa mdomo. Macho hayakushiriki. Halafu akatembea mwenyewe kutoka goli hadi goli, midomo ikihesabu.

Juma lililofuata tulikuta vigingi vinne kwenye pembe za uwanja, vya mbao, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Hakuna aliyeona vimewekwa na nani. Niliving'oa vyote nikavitia motoni, na nasema kweli, vilikuwa vikavu vizuri, githeri yangu ya mahindi na maharagwe iliiva mapema siku hiyo. Jumatatu vilikuwa vimerudi. Safari hii vya chuma.

"Ni vya nini, mwalimu?" nilimuuliza Patrobas.

"Vya riadha, mama," akasema, akiangalia simu yake. Simu haikuwa imeita.

Ijumaa hiyo alitangaza hoja ya mdahalo mkubwa, ule wa kuja wazazi. Aliisoma kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, na Patrobas hajawahi kuchapa kitu: *Uwanja huu ungefaa zaidi kama ungejengwa.*

 Kisha kutoka roshani ya ghorofa ya tatu mtu akaita, "Wee mwalimu, hiyo ni hoja ama ni tangazo?" Watu wakacheka. Patrobas akacheka nyuma yao, amechelewa.

Nikashika sufuria. Whitney akaja, akafumba macho kama kawaida yake, akavuta, akafungua. Uso wake ukasawijika.

"Kuunga," akasema.

"Basi Kasiva atapinga," akasema Patrobas haraka. Kasiva ndiye aliyekuwa nahodha wa upande wa pili, mtoto mwenye moyo safi na kigugumizi kinachokuja akiwa na haki.

"Mwalimu, mimi?" Whitney akasema. "Mimi nisimame hapa niseme field ijengwe? Si hapa ndio nilijifunza kuongea?"

"Ndiyo maana ya mdahalo. Mtu hujifunza kutetea hata asichokiamini. Ama unaogopa Kasiva?"

Alijua pa kumgusa. Whitney akakunja ile karatasi mara nne, akaondoka nayo.

Mimi nikarudi jikoni na sufuria yangu. Chini yake ilikuwa ile iliyobaki. Miaka yote huwa nazitumia kuwashia moto bila kuzitazama, lakini siku hiyo, sijui ni udaku au ni nini, nikavaa miwani nikaifungua.

Iliandikwa *Kuunga*.

Niliigeuza nikadhani nimeshika upande usio wake. Nikavua miwani, nikaifuta kwa leso, nikavaa tena. Kuunga. Mwandiko wa Patrobas, ule wa kulalia upande kama mtu aliyechoka. Maana yake mtoto yule angefumba macho mara mia, mkono wake ungetoka na neno lile lile.

Nikafanya kazi zangu zote za Ijumaa, kama kila Ijumaa, mikono ikienda yenyewe. Nilipoinua macho Patrobas alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliitazama karatasi mezani.

"Mama Wakiuru," akasema, "ulikuwa unaosha sufuria. Ungeosha tu."

"Mwalimu, kuna nini?"

"Kuna jiko jipya. Bwana Kiarie atajenga maduka mbele, na nyuma yake jiko la gesi, hakuna moshi. Atakayepika humo ni mtu nitakayemwandika mimi." Akaingia hatua moja. "Karatasi zako zinasema una miaka hamsini na tisa."

Karatasi zangu zina adabu. Zimekuwa zikisema hamsini na tisa, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, kwa miaka kumi na miwili.

"Mwalimu mkuu huwa hasomi sana mafaili ya wafanyakazi," Patrobas akasema. "Mimi husoma."

Alingoja. Nikaichukua ile karatasi nikaitia motoni. Iliungua haraka, kama kitu ambacho hakikuwahi kuwa na uzito.

*

Whitney hakukawia kuja. Jumatatu alikaa kwenye kile kigoda chake, akachambua maharagwe, kisha:

"Shosho, ile karatasi ingine uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa imeandikwa?"

"Kupinga," nikasema. "Ingeandikwa nini?"

Akanitazama. Nikakoroga sufuria ambayo ilikuwa bado haina kitu ila maji.

"Basi ni bahati yangu mbaya," akasema. "Acha niitetee, niimalize."

Siku ile ya mdahalo walikuja watu ambao sijapata kuwaona uwanjani hata wakati wa vipimo vya bure vya meno. Langoni palikuwa na meza, na juu ya meza orodha. Kabla ya kupewa soda ulijaza jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukatia sahihi. Mkate ulikuwa pembeni. Kichwa cha ile orodha kilikuwa kitupu, nafasi nyeupe ya vidole vinne. Wazazi walijaza wakicheka. Nani asome mahali palipo patupu? Na mimi nilijaza, tena kwa madaha, nikaipindapinda herufi ya kwanza ya jina langu kama mkia wa jogoo. Nilichagua soda ya chungwa.

Kasiva alianza, akasema maneno ya kweli, na kila la kweli lilimkwama kooni. Roshani zilimhurumia, na huruma kwenye mdahalo ni sawa na kushindwa. Kisha Whitney akasimama.

Alikuwa hajalala, niliona. Hakutazama mtu. Alisema, "Mnaniambia uwanja ni wetu. Nionyesheni mmoja wenu mwenye karatasi yake." Alisema, "Mama zetu wanauza mboga wamefunika vichwa kwa nailoni. Nani hapa atamkataza mama yake paa?" Wanawake wakapiga vigelegele. Sauti ikamtetemeka, watu wakadhani ni ufundi. Mimi nilijua si ufundi.

Rimu ilikuwa mbele yangu na nondo mkononi. Nilisema moyoni, Wakiuru, gonga sasa. Dakika ya pili, ya tatu, gonga, mtoto akae, watu wazomee, hoja ife. Nani angenishitaki? Ningesema saa imenidanganya. Bwana Kiarie alikuwa kwenye kiti cha mbele. Hakuwa akimtazama Whitney. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

Niligonga kwa wakati wake. Moja dakika ya nne, mawili dakika ya tano.

Kura ikapigwa. Mikono iliyonyooshwa kwa Whitney ilikuwa msitu. Walinyoosha wazazi, wasichana, mpaka Kasiva mwenyewe, kwa haki ya mdahalo. Roshani zote zilinyoosha. Na mpiga picha akapanda juu ya kiti, akapiga picha, akashuka, akapanda kiti cha upande wa pili, akapiga tena. Bwana Kiarie akamshukuru kila mtu kwa ile sauti ya wodini.

*

Siku kumi baadaye yalikuja mabati. Malori mawili, na vijana wasiotoka mtaani kwetu, wasiosalimu. Kufikia saa nne uwanja ulikuwa umezungushiwa pande mbili, na langoni pamebandikwa tangazo. Nililisoma na kuku aliyekuwa miguuni pangu akajua kuna jambo, maana alikimbia. Lilisema ujenzi unafanywa kwa idhini ya wazazi, wanafunzi na wafanyakazi, waliokutana tarehe fulani wakakubali kwa kunyoosha mikono. Picha ndiyo ile. Orodha ndiyo ile, sasa ina kichwa. Na mwenye kauli ya wanafunzi alitajwa kwa jina lake lote: Whitney Amondi.

Mtaa haukukumbuka tena kura ya msemaji. Roshani zilezile zilizomnyooshea mkono ziliita akipita, "Muuza field huyo! Wewe msupa, umepewa shilingi ngapi?" Watoto wenye baiskeli walimfuata bila kusema kitu, hilo lilimuumiza zaidi. Alhamisi asubuhi Walter alifungua mlango akakuta kigingi kimelazwa kizingitini, cha chuma, kichwa chekundu. Hakikuwa na barua. Siku hiyo Walter hakwenda kibaruani. Alikaa kitandani na kile kigingi magotini, akamwambia binti yake kwamba muhula ukiisha atampeleka kwa bibi yake Homa Bay, akasome huko, akanyamaze huko.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Tangazo lilisema mwenye pingamizi aje Jumanne saa tatu, siku hiyo moja tu, afisa wa ardhi atasikiliza palepale uwanjani.

Afisa aliitwa Bwana Hanad. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu mbili, akaketi kwenye meza ndogo kati ya mabati na goli la juu. Watu walikuja, lakini walisimama mbali, kama watu waliokuja kutazama nyoka. Mabati yalipigwa na upepo, yakawa yanagonga polepole, hayana saa.

Bwana Kiarie akaweka picha mezani, akaweka orodha, akasema wachache waliokosa furaha ni kawaida.

Whitney akasimama. Alikuwa na mkoba wake wa shule mgongoni. "Mheshimiwa, huo ulikuwa mdahalo. Watu walinipigia mimi kura, hawakupigia hoja. Na sikuchagua upande. Tulivuta karatasi kwa sufuria."

"Walivuta kwa haki kabisa," akasema Patrobas. "Karatasi mbili, mbili tofauti. Niliziandika mwenyewe. Bahati ilimwangukia, na akasema alichoamini. Leo ameogopa watu."

Afisa akaweka kalamu moja chini. "Sikilizeni. Watu kukubali jambo kwenye mdahalo, hilo wakubwa zangu watalijadili. Lakini mtu akinithibitishia kwamba hata pande zilipangwa kabla, basi orodha hii si idhini ya mtu yeyote, na mabati haya yanashuka leo. Nataka ushahidi. Sitaki uchungu. Nani alishika sufuria?"

Watu wote wakageuka. Hata upepo, naona, uliniacha nisimame peke yangu.

"Ni mama yetu wa jikoni," akasema Patrobas. "Mtu mwaminifu. Muulizeni."

"Naomba nimuulize mimi," akasema Whitney, na afisa akakubali kwa kichwa.

Alinijia mpaka mbele. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini yametulia, na ule utulivu sikuupenda. Nyuma yake nilimwona Bwana Kiarie akinitabasamia kama mtu anayemtabasamia kuku wa sikukuu. Nikafikiria faili langu. Nikafikiria chumba changu na mwenye nyumba wangu, na miaka yangu sabini na moja itakayoanguka yote siku moja ikisomwa kwa sauti. Nikiapa zilikuwa tofauti, nimemzika mtoto. Nikisema zilikuwa sawa, nimejizika mimi. Nikatafuta njia ya katikati, na mimi ni hodari wa njia za katikati.

"Shosho," Whitney akasema kwa adabu, "ile karatasi iliyobaki kwa sufuria, uliisoma?"

"Ningeisomaje, mjukuu wangu?" nikasema. "Mimi sijui kusoma."

Mahali fulani juu, ghorofa ya tatu, mtu alicheka mara moja, akaacha. Patrobas akashusha pumzi. Kwa Bwana Kiarie, macho hatimaye yalishiriki.

"Hujui kusoma kabisa, mama?" afisa akauliza.

"Kabisa, mheshimiwa. Zamani zetu wasichana hatukupelekwa shule. Tulichunga mbuzi." Nikapangusa jicho moja kwa ncha ya leso. Mbuzi niliwaongeza kwa utamu tu.

"Na kuandika pia hujui," Whitney akauliza, kwa adabu ile ile.

"Nitaandikaje na sisomi?"

Alitikisa kichwa taratibu. Nilikijua kile kichwa. Nilikuwa nimekiona kikitikiswa hivyo Ijumaa nyingi, kila mara mtu wa upande wa pili alipomaliza kujifunga. Na hapo ndipo nilipokumbuka nani alimfundisha.

Akashusha mkoba, akatoa daftari. Uzi bado ulikuwa unaning'inia kwenye pembe yake. Lilinuka moshi wa jiko langu mpaka nilipokuwa nimesimama.

Alilifungua mbele ya afisa kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja, akaweka orodha ya soda kando yake, kidole kwenye jina langu, penye ule mkia wa jogoo. Afisa akatazama huku, akatazama kule. Kalamu ya pili nayo ikashuka mezani. Patrobas alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua moja, nyingine, mgongo ukagusa bati.

Sikuhitaji kuuona ukurasa ule. Karatasi niliichoma, lakini kabla ya kuichoma nilikuwa nimemaliza kazi zangu za Ijumaa, zote, kama kila Ijumaa. *Whitney kavuta: Kuunga. Iliyobaki sufuriani: Kuunga. Mvua hakuna. Aliyelia: hakuna.*

"Shosho," akasema Whitney, akinigeuzia daftari langu, "tusomee."

Na mkono wangu, ule mjinga, ulikuwa tayari umeifuata miwani iliyoning'inia kifuani pangu tangu asubuhi.